Mama wa Hapa

Bi Asmahani aliumwa kidole alasiri ya siku ambayo, kama mwezi ungeandama, ingekuwa ya mwisho ya Ramadhani. Kwa kuwa alikuwa amefunga, hakutukana. Alikwenda uani akakiosha kidole chake kwenye karai, akarudi, akasimama mbele ya mkeka huku bado ameshika kitana.

"Mwanasiti, mwanao yuwauma kama panya buku."

"Niwie radhi, shoga yangu."

"Nikuwie radhi wewe, wewe ndiye uliyeniuma? Nimesuka vichwa vya mtaa huu mzima, vyenye chawa na visivyo na chawa. Sijang'atwa na mtu."

Saleha alikuwa amesimama na mgongo ukutani. Upande mmoja wa kichwa ulikwisha kuchanwa, upande wa pili ulikuwa umesongamana kama kumbi la nazi. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Hakuna aliyekuwa na hakika.

"Kesho sikukuu, mwanangu," Mwanasiti alimwambia. "Watoto wote wanasukwa."

"Mimi niacheni hivihivi, mama wa hapa."

Bi Asmahani alicheka kwa pua. "Mama wa hapa! Na wa kule ni nani?"

Mtoto alikuwa akimtazama kuku aliyefungwa mguu kwenye nguzo ya jikoni. Kuku huyo alinunuliwa jana yake, na tangu jana Saleha alikuwa akimtazama.

Mwanasiti alikuwa ameolewa miaka kumi na miwili bila kuzaa. Mtoto huyu, mjukuu wa shangazi yake, alipoletwa mtaani kwao Ngamiani miezi saba nyuma, wanawake wa bombani walianza kumwita Mama Saleha kabla hata mtoto hajamaliza wiki. Walifanya hivyo kwa wema. Kisha wakamsikia mtoto mwenyewe akiita, mbele ya ndoo na watu, "Mama wa hapa, ndoo imejaa." Mmoja mmoja, bila kuambiana, wakarudi kumwita Mwanasiti.

Yalikuwapo na mengine. Saleha alificha chakula: vipande vya muhogo, mkate, nusu ya kitumbua, vyote nyuma ya mtungi, mpaka vikaota ukungu na kuita sisimizi. Akianguka hakulia. Alikuwa akikaa chini na kutazama damu kama inatoka kwenye goti la mtu mwingine. Na miezi ya mwanzo alikuwa na tabia iliyomtia Mwanasiti aibu kuliko zote: mwanamke yeyote aliyekuja kuomba moto au kurudisha kinu, Saleha alimfuata mpaka mlangoni akamshika mkono na kumuuliza, kwa adabu kabisa, "Kwenu kuna nafasi?"

Mwezi wa Rajabu aliacha kuuliza. Hakuna aliyeona kwamba ameacha. Jambo likikoma halipigi kelele.

"Basi mfunge kilemba," Bi Asmahani alisema, akachukua mafuta yake ya nazi na kitana chake. "Lakini mimi nakwambia kwa mapenzi, huyu ana kitu. Mtoto wa kawaida haogopi kusukwa. Mpeleke akapungwe pepo."

"Nitamwambia baba yake."

"Baba yake wa hapa," alisema Bi Asmahani, akatoka.

*

Uweso, mumewe Mwanasiti, alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, naye Mhindi alimwachia kivuli hicho kwa kuwa mteja aliyenunua kitambaa alikuta fundi palepale. Wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo wiki yake ya mwaka. Alishona kanzu, suruali za watoto, magauni, mpaka macho yakawa mekundu, na kila mtu alitaka nguo yake kabla ya mwenziwe.

Gauni la Saleha alilishona mwisho, baada ya kumaliza za watu. Lilikuwa la poplini ya rangi ya waridi. Aliliwekea marinda mawili chini, lesi shingoni na mkanda wa kufunga nyuma. Upindo aliuacha mpana ili mwakani aushushe mtoto akirefuka. Msafiri, mwuza viatu aliyekaa baraza ya pili, alilitazama likining'inia.

"Hilo la binti wa nani? Wa liwali?"

"La binti yangu."

"Fundi, wewe hujawahi kunishonea mimi lesi."

"Ukiwa na shingo nzuri nitakushonea."

Alilipeleka nyumbani kabla ya magharibi, amelikunja ndani ya gazeti. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilikunjua juu ya kitanda cha kamba, akarudi nyuma hatua moja kama afanyavyo dukani.

Saleha alilikaribia. Alishika upindo kwa vidole viwili, akaugeuza, akaona ulivyo mpana.

"Ni langu?"

"Lako."

"La lini?"

"La kesho, mwezi ukionekana. Usipoonekana, la keshokutwa."

Mtoto aliliacha gauni, akatoka nje. Uweso alimtazama mkewe. "Hakulipenda?"

"Ameona haya."

Nje Saleha alikuwa akienda mlango hata mlango. "Shikamoo. Mwezi umeonekana?" Aliuliza kwa Bi Asmahani, akauliza kwa mama wa mapacha, akauliza kwa mzee aliyekuwa akishusha birika la kahawa kwenye baiskeli yake. Wanawake walichekeana. Waliona jinsi mtoto wa Mwanasiti anavyoililia sikukuu. Mama wa mapacha alimpa tende. Vijana walipopiga kelele kutoka uwanjani kwamba umeandama, na watoto wote wa mtaa wakaanza kuruka na kugonga makopo, Saleha peke yake alirudi nyumbani akaketi nyuma ya mtungi, mahali pa mikate yake.

*

Asubuhi gauni halikuwapo.

Mwanasiti aligundua Uweso alipokwisha kwenda kusali. Alitazama chini ya kitanda, ndani ya kasha, juu ya dari. Saleha alikuwa amekaa kizingitini amevaa gauni lake la kila siku, lililofifia na kukatika kwapani.

"Saleha, gauni liko wapi?"

Mtoto alivuta upindo wa gauni lake ukafunika magoti.

"Saleha mwanangu, baba anarudi sasa hivi na watu. Liko wapi?"

"Silijui."

Uweso alirudi na wageni watatu, Msafiri mmoja wao, kama ilivyo desturi watu kutembeleana baada ya sala. Walikaribishwa tambi na kahawa. Walikuja watoto wa jirani kutoa mkono na kupewa senti zao, kila mmoja ametakata, ameng'aa mafuta. Saleha alikuja wa mwisho. Nywele zake zilikuwa zilezile, nusu na nusu.

"Ehe," alisema Msafiri. "Binti wa lesi ndiye huyu? Iko wapi hiyo lesi tuliyoambiwa?"

Uweso aliinua macho. "Saleha, nenda kavae."

"Halipo."

"Liko wapi?"

Mtoto aliwatazama wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua wa kumjibu. Akamchagua Msafiri.

"Chooni."

Mgeni mmoja alicheka kabla hajaelewa, kisha akanyamaza. Uweso aliweka kikombe chini. Alikwenda uani, akafungua mlango wa makuti wa choo, akakaa humo muda mfupi. Aliporudi hakuwa na kitu mkononi. Choo kilikuwa cha shimo, na shimo lilikuwa refu, alilichimbisha mwenyewe.

"Watoto," alisema Msafiri. Lilikuwa neno la wema, na Uweso angependa zaidi kama angetukanwa.

Wageni walikunywa kahawa yao haraka, wakaaga. Kwenye baraza ya mtaa habari ilifika kabla yao.

*

"Sikumpiga," Uweso alisema walipobaki wawili. "Unaona kwamba sikumpiga."

"Nimeona."

"Kama angelichana ningesema utoto. Kama angelichafua kwa mchuzi ningelifua mwenyewe. Lakini mtu anashika nguo mpya, anakwenda nayo mpaka shimoni, anaitumbukiza. Hiyo ni akili kamili. Hana haja na sisi."

"Ni mtoto, bwana."

"Miezi saba, Mwanasiti. Nikiingia ndani hanitazami. Nikimpa kitu anakificha. Nimekwisha kuwa kichekesho cha mtaa, fundi ambaye mwanawe anazitupa nguo zake chooni. Nani ataniletea kitambaa?"

Mwanasiti hakusema kwamba watu wataleta vitambaa kama kawaida. Alijua si hilo.

"Arudi kwa mjomba wake Shehe, Kigombe," Uweso alisema. "Sikukuu ikiisha. Utampeleka wewe, basi la Pangani litawashusha."

"Shehe alikwisha kusema akirudishwa atampa yeyote atakayemtaka. Alisema mbele yako. Kuna watu wa mbali wanatafuta mtoto wa kufanya kazi."

"Hilo ni la Shehe."

"Na mimi?"

Uweso alimtazama. Swali hilo hakulitegemea. "Wewe umechoka kuliko mimi," alisema. "Mkono wako una alama za meno."

Ilikuwa kweli. Na kweli nyingine, ambayo Mwanasiti hakumwambia mtu, ni kwamba aliposikia neno "arudi" aliona kifua kimepungua uzito, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Baadaye tu, alipokuwa akiosha vikombe vya wageni, ndipo uzito ulirudi, na haukuwa uleule.

Sikukuu ilikuwa na siku zake. Watoto walikwenda bembeani. Mvua ya masika ilinyesha, ikaacha tope jekundu mtaani, na magauni mapya yakaingia madoa. Hakuna aliyekuja nyumbani kwa Mwanasiti siku ya pili, wala ya tatu. Hawakuwa na chuki. Walifikiri kwamba wakija itawabidi wazungumze juu ya lile jambo, na kila mmoja aliona aibu kwa niaba yake. Mwanasiti alipika, akala na mtoto kimya, akasikia vicheko vya nyumba za pili kupitia kiambaza.

Uweso alirudi baraza ya duka akashona gauni jingine. Lilikuwa la chiti ya samawati, ya bei ndogo, bila lesi, lakini mshono ulikuwa mzuri. Mkewe alipoliona alishangaa.

"La nini tena?"

"La kumpelekea. Unataka Shehe aseme tumemrudisha na matambara? Mtoto hatoki nyumba hii kwenda nyumba nyingine ila ameoga, amesukwa, ameshiba, na nguo mpya mwilini. Wa kwao walimleta hivyo. Na sisi tutamrudisha hivyo."

Huo ulikuwa utaratibu, na pwani yote inaujua. Mtoto anayehamishwa hukaguliwa na wanaompokea, nywele, kucha, nguo, na wakiona kasoro, wa kusemwa ni yule aliyemtoa. Mwanasiti hakuwa na hoja ya kuupinga.

*

Siku ya safari Mwanasiti aliamka akachemsha maji. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alimwomba Bi Asmahani aje, naye akaja na kidole kimefungwa kitambaa.

Vita haikutokea. Saleha aliliona gauni la samawati limetandazwa kitandani. Alisimama akaliangalia kwa muda. Kisha akavua lake la zamani mwenyewe, akaenda uani kuoga. Aliporudi alikaa mkekani kati ya magoti ya Bi Asmahani, akainamisha kichwa. Kitana kilipita kwenye mafundo ya nywele yaliyokaa wiki nzima, na hakusema hata "ai."

"Umeona?" Bi Asmahani alinong'ona. "Pepo limesikia linapelekwa, limetoka lenyewe. Mistari kama ya tuta la mchicha. Kichwa kizuri huyu mtoto, sikujua."

Mwanasiti aliwahi kuona kondoo akipelekwa machinjioni, na kondoo wa namna hiyo hapigi kelele. Lakini aliona mfano huo haufai, akauacha. Alikwenda kupakua wali na kuku.

Saleha alikula kidogo, kwa adabu. Alipomaliza alinawa, akaenda nyuma ya mtungi, akarudi amekusanya mikono kifuani. Aliviweka vitu vyake kwenye sinia tupu kimoja kimoja: vipande vinne vya muhogo mkavu, mkate ulioota ukungu, tende moja ya mama wa mapacha, nusu ya kitumbua kigumu kama jiwe.

"Hivi vyenu," alisema. "Sikuvila."

Bi Asmahani alivitazama vile vipande. Alichukua mafuta yake akaondoka taratibu.

"Na furushi langu?" Saleha aliuliza.

Furushi lilikuwa ndani ya kasha, kama alivyokuja nalo. Mwanasiti alilifungua mara moja tu, siku ile ya kwanza, akaona magauni yaliyokunjwa, akafurahi. Alimwambia Uweso usiku ule: "Huyu alipendwa. Tazama nguo zake." Tangu hapo Saleha hakukubali kuvaa hata moja ya nguo hizo, nao walisema ni ukaidi. Sasa Mwanasiti alilifungua tena ili aongeze lile gauni la kila siku lililokatika kwapani, na mtoto akachutama karibu naye kusaidia kukunja.

Yalikuwa magauni manne. Mwanasiti aliyapanga juu ya mkeka. La kwanza lilikuwa dogo sana, jeupe, limegeuka rangi kwa kukaa. La pili la mirabaraba. La tatu la manjano. La nne la madoa mekundu, na hilo ndilo alilolivaa siku aliyoletwa. Yalipandana kwa ukubwa kama ngazi. Lililomgutusha ni mikunjo. Nguo ya mtoto ikivaliwa huiva kwapani, hufifia mgongoni, hukatika upindo. Hizi zilikuwa na mikunjo ileile ya pasi ya kwanza. Kila moja ilivaliwa siku moja.

"Saleha, haya ni ya wapi?"

Mtoto aliyajua vizuri. Aliligusa dogo. "Hili la Mkwaja, bibi alipokufa." Akaligusa la mirabaraba. "Hili la kwa mwalimu, Pangani. Walipata mtoto wao." La manjano. "Hili la Muheza." Hakueleza la Muheza. "Hili la mjomba Shehe, la kuja hapa." Kisha akatazama chini, kwenye samawati aliyovaa, akalinyoosha juu ya magoti. "Hili la hapa."

Mwanasiti alibaki amepiga magoti. Mambo yalipita mbele yake kwa mpangilio, kila moja na mahali pake: kitana, kuku kwenye nguzo, upindo uliogeuzwa, mtoto anayekwenda mlango hata mlango kuuliza kama mwezi umeonekana.

"Leo nakwenda kwa nani?" Saleha aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

*

Basi la Pangani lilikuwa likipakia karibu na soko. Utingo alikuwa juu ya paa akifunga magunia, akipiga kelele, "Tongoni, Kigombe, Pangani! Mama, nipe furushi!" Mwanasiti alimpita. Saleha aligeuka kutazama basi, kisha akamtazama Mwanasiti, lakini hakuuliza. Alikuwa amezoea kwamba njia huamuliwa na wengine.

Baraza ya duka ilikuwa na watu. Uweso alimwona mkewe na mtoto, akainua mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likasimama.

"Basi limekwenda?"

"Halijakwenda. Nataka ulitie kiraka hili gauni."

"Limechanika?"

"Halijachanika."

Msafiri aliacha kupiga msumari kwenye soli.

"Mwanasiti," Uweso alisema kwa sauti ya chini, "hili nimelishona juzi. Ni jipya."

"Ndiyo maana. Litie kiraka. Kionekane. Kitambaa cha rangi nyingine, hapa mbele."

"Mbele! Nguo mpya, kiraka mbele, na mimi nimekaa hapa barazani na watu wanaona?" Alijaribu kucheka. "Utanifukuzisha kazi."

Msafiri hakuweza kujizuia. "Fundi, mke wako ameleta mtindo mpya. Mwakani sote tutavaa viraka sikukuu."

"Bwana Msafiri, tafadhali," alisema Mwanasiti, akamgeuzia mgongo. Aliongea na mumewe kwa sauti ileile ya kila siku, bila kulia, kwa maneno machache. Alimwambia juu ya magauni manne, na ya wapi na wapi. Alimwambia kuhusu sinia. Uweso alisikiliza akiwa ameshika mkasi wazi. Alipomaliza, Uweso hakumtazama yeye, alimtazama mtoto.

"Saleha. Lile la waridi. Kwa nini ulilitupa?"

Saleha alimtazama kiatuni. Msafiri alijifanya kutafuta msumari.

"Bila gauni hawakupeleki," alisema.

Uweso aliufunga mkasi. Aliinama chini ya cherehani, kwenye mfuko wa masalio, akachagua kwa muda kuliko ilivyohitajika. Alitoa kipande cha marikani, cha rangi ya mchanga, kisicho na uzuri wowote. Akakikata mraba.

"Njoo hapa. Simama. Usitikisike, sindano hii."

Hakumvua gauni. Alikishona kwa mkono, kwenye kifua upande wa kushoto, kwa uzi mweusi na mishono mirefu ya kijinga, mishono ambayo kama mwanafunzi wake angeishona, yeye angempiga kofi. Mhindi alitoka ndani kuangalia, akaangalia, akarudi ndani. Wanawake wawili waliokuja kununua kaniki walisimama. "Masikini," mmoja alisema, "mtoto wa kulea," na hakujali kuteremsha sauti.

Uweso alisikia. Shingo yake ilibadilika rangi. Alikata uzi kwa meno.

"Haya. Nguo ya nyumbani hiyo," alimwambia mtoto. "Nguo ya kiraka haisafirishi mtu. Umesikia? Ukaichezee tope."

Saleha alishika kiraka kwa vidole viwili, akakivuta kujaribu kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika. Kule sokoni basi lilipiga honi mara ndefu, likaondoka; alisikiliza mpaka mlio ulipopotea njia ya Pangani.

Walirudi nyumbani. Mtoto hakuingia. Alisimama kizingitini na furushi lake, amesukwa, ameoga, akimtazama Mwanasiti anavyotoa majivu jikoni, anavyokosha sinia, anavyotaka kumwaga vile vipande vya muhogo, akasita, kisha akavirudisha nyuma ya mtungi vilikotoka. Saa za adhuhuri jua lilihama upande ule. Ndipo Saleha akaingia, akalisukuma furushi mpaka ndani ya kasha, akafunga.

"Mama wa hapa," alisema, "nikachote maji?"

"Kachote."

Hivyo ndivyo alivyoendelea kumwita, na Mwanasiti hakumkosoa.

Mwaka uliofuata Uweso alishona gauni la Idd la poplini ya kijani, lenye lesi, na kabla hajalipeleka nyumbani alilitia kiraka cha marikani kifuani, kwa uzi mweusi. Mwaka wa pili yake akafanya vilevile. Watu waliona. Walisema yule fundi anashona vizuri, anavaa kanzu safi, na yatima wa watu anamvisha viraka hata siku ya sikukuu. Walisema mtu asiyezaa hana huruma. Bi Asmahani alianza mara moja au mbili kuwaeleza, lakini mambo yalikuwa marefu na hawakuwa na subira. Msafiri aliyajua yote, naye alipigilia misumari yake akanyamaza.

Mteja mmoja, mama wa Chumbageni aliyekuja kupimwa, alimwona Saleha akimletea Uweso chakula barazani, na kiraka kifuani. Aliondoa kitambaa chake juu ya meza.

"Baba, kama mwanao unamshonea hivyo, wangu utamshoneaje?"

Uweso aliifunua kawa ya chakula akatazama alicholetewa. Saleha alikuwa amekaa chini karibu na kanyagio, akiokota vipande vya nyuzi vilivyoanguka, hana haraka ya kwenda popote.

"Utafute fundi mwingine, mama," Uweso alisema, akanawa mikono.